Mwaka ambao watu wa Mtera waliacha kuitika majina yao ya ubatizo, mke wangu akiwa mmoja wao

Wakuu, amani iwe kwenu, wa dini zote na wasio na dini.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu jukwaani kwa muda mrefu. Leo naandika. Ninachokieleza nimekiona kwa macho haya mawili, na wa kunisuta wapo hai, akiwemo mmoja anayepepeta mchele hapo uani wakati naandika. Ukitaka kuita chai, yaani uongo, ita. Mimi nimeshazoea kubishiwa na watu wasiojua kitu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Mkonze, Dodoma. Darasa la saba nimemaliza, cheti hata sikumbuki kilipo. Lakini leo nina mashine nne za kusaga, nina nyumba, nina watoto waliosoma mpaka wanaongea kizungu mezani nisiwaelewe. Sikurithi hata kuku. Nilianza na baiskeli, nabeba perege wakavu kutoka bwawa la Mtera kuja kuuza Dodoma. Kama hujawahi kuendesha baiskeli na gunia la samaki kwenye jua la Dodoma, usinishauri kuhusu maisha.

Wasomi mnivumilie uandishi. Twende.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Wenye umri wangu mnaikumbuka. Maduka yalijaa ghafla. Mitumba, redio, sabuni za kunukia, vyama vingi, mabasi ya watu binafsi. Na dini nazo ziliingia kama mitumba, marobota kwa marobota. Kila mti una mhubiri, kila kona kuna mtu ameota ndoto. Ilikuwa ruksa ya kila kitu. Mtu analala Mkatoliki anaamka hajui ni nani.

Sisemi dhehebu la mtu. Nasema hali ilivyokuwa.

Mimi wakati huo nimeshaacha baiskeli, nina mashine yangu ya kwanza. Mkonze nzima inasaga kwangu. Nikawa na kiburi, sikatai. Jumapili naingia kanisani nimechelewa makusudi ili watu wageuke.

Mke wangu anaitwa Leokadia. Kwao ni Mtera. Tukapata mtoto wa kike. Na hapa ndipo kosa langu lilipoanzia.

Mtoto alitakiwa abatizwe mapema. Katekista wa kwetu akawa anauliza, "Kaspari, mtoto lini?" Namjibu, "Subiri, Mwalimu." Mnajua nilikuwa nasubiri nini? Sherehe. Nilitaka ubatizo ambao Mkonze isingeusahau. Ng'ombe dume, spika, diwani akae meza ya mbele. Nikasema kwanza mashine ya pili ifike kutoka Dar ndipo tufanye kitu cha maana.

Mtoto akafika miezi minne hana jina. Tunamwita "mtoto". Leokadia ananiambia, "Baba, watu wanambatiza mtoto, hawabatizi spika." Nikamcheka.

Mwaka ule mvua ikagoma. Dodoma na ukame ni ndugu, lakini ule ulikuwa wa peke yake. Mama mkwe akatuma salamu kwamba hajisikii vizuri. Leokadia akambeba mtoto, akaenda kumuuguza mama yake. Wiki moja, alisema.

Ikapita ya pili. Ikapita ya tatu.

Siku moja asubuhi akaja Bakari. Bakari ni Mrangi wa Kolo, Mwislamu safi, dereva wa lori la samaki, rafiki yangu tangu enzi za baiskeli. Huyu mtu ni mcheshi, hawezi kusalimia bila utani. Siku hiyo hakutania. Alikaa juu ya debe, akavua kofia.

"Kaspari, jana nimemwona shemeji Mtera."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Nimemwita, 'Shemeji Leokadia!' Hakugeuka. Nikadhani umemjaza maneno juu yangu. Nikaenda mpaka mbele yake. Akanitazama kama anatazama ukuta."

Nikamwambia huenda ni jua limemchosha.

"Sikiliza bwana," akasema. "Kijiji kizima hakiitiki. Nimewaita watu ninaowajua miaka kumi. Hakuna anayegeuka. Kesho napakia tena, twende. Ila nakuambia mapema, mimi gari silizimi."

Hapa niweke jambo sawa kwa wasioijua Mtera. Lile bwawa lilipojengwa, watu walihamishwa. Walihama wazima. Makaburi hayakuhama. Kijiji cha akina Leokadia, kikanisa chao cha zamani na makaburi yake vyote vilifunikwa na maji. Mpaka leo utaona miti iliyokufa imesimama bwawani, myeupe, haina jani, kama watu waliosahau walikuwa wanakwenda wapi.

Mwaka ule maji yalirudi nyuma sana. Msingi wa kikanisa ukaonekana. Halafu makaburi.

(Samahani wakuu, nilikuwa nahudumia mteja. Naendelea.)

Tulifika kesho yake jua likiwa linapanda. Bakari akasimamisha lori barabarani, injini inaunguruma, akafunga vioo na joto lile lote.

"Nenda. Mimi nakusubiri hapa na bismillahi zangu."

Nikashuka kwa miguu kuelekea kijiji kipya. Sisi Wagogo salamu haziishi. Ukipita njiani utaulizwa wewe, mke, watoto, ng'ombe, mpaka mbwa. Nikakutana na kina mama watatu wanatwanga. Nikasema, "Mbukwenyi!" Kimya. Mchi unapanda unashuka. Nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo!" Wakuu, Mkatoliki hata akiwa amelewa chakari hiyo anaitikia. Kimya. Hawakukasirika, hawakununa. Nilikuwa kama upepo umepita.

Nyumbani kwa mama mkwe hakukuwa na mtu. Sufuria ya mlenda ipo mafigani, baridi.

Nikasikia sauti ya mtu anaimba kanisani. Ni kikanisa kipya cha udongo, kengele yake ni rimu ya lori imetundikwa. Nikaingia.

Ndani yuko katekista wao, Mwalimu Yordani, mzee mwembamba, amepiga magoti mbele peke yake anaimba Litania ya Watakatifu. Anataja jina, halafu anaitikia mwenyewe, "Utuombee." Anataja lingine, "Utuombee."

Nikataka kukaa. Akapaza sauti, "Usikae hapo! Hapo pana mtu."

Nikatazama benchi. Kuna kadi ya ubatizo. Nikatazama mabenchi yote. Kila benchi lina kadi zimepangwa, moja hapa, moja pale, zimewekewa vijiwe zisipeperuke.

"Walizirudisha," Mwalimu akasema. "Mmoja mmoja, waliziacha mlangoni. Nimeziweka kila moja pale mwenyewe alipokuwa anakaa. Kila asubuhi nasali nazo. Nifanye nini, nisali na ukuta?"

Benchi la tatu upande wa wanawake niliiona kadi ya Leokadia, husafiri nayo siku zote. Pembe yake imeungua, iliunguzwa na kibatari mwaka tuliooana. Niliishika ile kadi, nikaifuta vumbi, nikairudisha chini ya kijiwe chake.

Mwalimu akanieleza. Alikuja mwanamke kwa miguu. Hakuna aliyejua kwao. Hana kitabu, hana ngoma, hapigi kelele kama wale wahubiri wa mjini. Akawaambia watu kwamba wafu walioachwa majini wamesahaulika majina, ndio wameshika mvua. Kila aliye hai achukue jina la mmoja wao, alirudishe juu ya ardhi, na jina lake aliache.

"Sasa kwetu mtoto hupewa jina la babu," Mwalimu akasema. "Ndiyo maana lilipita kirahisi. Kila mtu aliona ni mila tu. Lakini jina la babu unapewa liongezeke juu yako. Huyu anasema utoke wewe, aingie yeye."

"Na wewe Mwalimu, hukwenda kumkabili?"

Akainama. "Nilikwenda asubuhi. Akaniita kwa jina la mtu wangu aliyekufa zamani. Nilipojitambua jua limegeuka upande wa pili na nimesimama juu ya kaburi. Miguu imevimba. Sina nguvu ya kurudi kule, mwanangu."

Halafu akaniuliza, "Mtoto wako amebatizwa?"

Nikamwambia bado.

"Wachanga ndio wamebaki. Wale watatu aliokwishawapa majina hawalii tena. Hawaumwi. Wanatazama tu. Na wako, mama yake amekwenda naye kule makaburini leo."

Wakuu, nilitaka kukimbia saa ileile. Akanishika shati.

"Ukienda hivyo utasimama kaburini kama mimi. Nenda na kazi. Maji unayo?" Nilikuwa na chupa ya maji ya kunywa. "Yanatosha. Mimina kichwani yatiririke, taja jina, sema, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Rudia."

Nikarudia. Mara ya kwanza nikamruka Mwana. Akanirudisha mwanzo, kama vile tuko darasani.

"Mwalimu, mimi ni mwenye dhambi. Mnanijua."

"Tunakujua sana. Lakini kwenye hatari ya kufa hata asiyebatizwa anaweza kubatiza, mradi anakusudia kile Kanisa linachokusudia. Hapa hatutafuti mtakatifu, tunatafuta mwenye mkono."

Nikamuuliza hii ni hatari ya kufa? Akasema, "Nenda ukamtazame, kisha wewe ndiye uniambie kama ni hatari au siyo."

Nikatoka. Nyuma yangu akaanza kugonga ile rimu na kuimba litania upya.

Jua lilikuwa la utosi. Kuanzia ukingoni ni tope lililokauka na kupasuka vipande vipande kama sahani, unakanyaga linalia. Hakuna ndege. Kimbunga kidogo cha vumbi kinazunguka palepale, hakiendi. Mbele naona ile miti myeupe, na katikati yake watu.

Wamesimama kwa mistari. Mtu na kaburi, mtu na kaburi. Wazee, vijana, hata mwenyekiti wa kijiji. Hakuna anayejifunika jua. Hakuna anayejikuna. Watu kama mia na unasikia upepo tu.

Yule mwanamke amekaa kwenye msingi wa kikanisa. Amevaa koti zito la mitumba, yale ya Ulaya ya baridi, yenye manyoya shingoni. Joto la kukaanga karanga, na usoni hana hata tone la jasho.

Akanitazama vizuri tu, kama muuza duka.

"Umemfuata nani?"

"Mke wangu."

"Jina?"

"Leokadia."

"Hapa hayupo."

Leokadia alikuwa hatua kumi kutoka kwangu! Amesimama juu ya kaburi la mawe, mtoto mgongoni. Mama mkwe kando yake. Nikaita, "Leokadia!" Nikaita kwa nguvu zote za kifua. Wala kope haikucheza.

"Huyo ni Matika," yule mwanamke akasema kwa upole. "Bibi yake bibi yake. Amekaa majini muda mrefu, mwache aote jua."

Nikaanza kujitapa. Ndiyo silaha niliyokuwa nayo. Nikamwambia unanijua mimi? Nina mashine, nina watu, nitaleta polisi, nitaleta lori nibebe kijiji kizima. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, bila kupandisha sauti:

"Na wewe Ndahani, umechoka kutembea. Lako ni lile pale."

Ndahani alikuwa kaka yangu. Alikufa mchanga kabla mimi sijazaliwa, kabla hajabatizwa. Mama yangu aliniambia mara moja tu, akiwa kitandani siku zake za mwisho. Leokadia hakuwahi kusikia jina hilo kutoka kwangu.

Sasa sikilizeni, hili sijamwambia mtu mpaka leo. Nilifungua mdomo niitike. Haikuwa hofu, ilikuwa raha. Kama mtu amebeba gunia maisha yake yote, anaambiwa tua. Macho yakatafuta kaburi langu.

Na nikasikia rimu inagongwa kwa mbali. Na ile sauti kavu ya mzee. Jina, utuombee. Jina, utuombee.

Hapo akili ikarudi kidogo. Sisi nasi tunaita majina ya waliokufa, tangu utotoni naita. Lakini tunawaomba watuombee kwa Mungu. Hatuwapi miguu yetu watembelee. Shule sina, lakini hilo lilinijia wazi kama mtu amewasha taa.

Nikamwendea mke wangu, nikamtazama mtoto. Ana homa kali na halii. Macho wazi, yanatazama juu ya bega langu. Hapo nikajua jibu la swali la Mwalimu.

Nikafungua chupa. Halafu nikakwama. Jina!

Miezi minne nimepanga ng'ombe, nimepanga spika, jina sikulipanga.

Nilichofanya sikukifikiria. Nimehudhuria ubatizo mwingi, mwingine kwa ajili ya pilau, nasema ukweli. Padre huwa anaanza kwa kuwauliza wazazi. Basi nikamuuliza Leokadia vilevile, kwa sauti ileile ya padre:

"Mnampa mtoto wenu jina gani?"

Yule mwanamke akasimama.

"Mnampa mtoto wenu jina gani?"

Midomo ya Leokadia ikatingishika. Imekauka, imepasuka. Ikatoka sauti kama ya mtu anayetoa mawe kooni.

"Felista."

Hatukuwahi kulijadili jina hilo. Kwao halipo, kwetu halipo. Sikuuliza. Nikamimina. "Felista, nakubatiza kwa jina la Baba." Nikamimina. "Na la Mwana." Mwana sikumruka. "Na la Roho Mtakatifu."

Mtoto akalia.

Wakuu, sijawahi kusikia muziki kama kile kilio. Alilia mpaka akakosa pumzi. Leokadia akashtuka, akamgeuza kifuani, akanitazama. "Baba Felista, mbona umemlowesha mtoto?" Kana kwamba tuko jikoni Mkonze.

Kwenye mistari nikaona watu wanatingishika. Mama mmoja akakaa chini, mwenyekiti akashika kichwa. Yule mwanamke hakunizuia. Alinitazama kama mteja aliyekosea duka, akakaa, akaendelea kutaja majina.

Nilimshika mama mkwe mkono, najua si adabu mtu kumshika mkwe, nikamwambia, "Mama, twende." Alikuwa mzito kama amepandwa. Nikamwita kwa jina lake la ubatizo. Akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mgeni. Sikuweza. Niliwachukua wawili nikaondoka.

Kwa Mwalimu nilipitia. Aliishika kadi ya Leokadia akamkabidhi mwenyewe mkononi. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Kwenye lori Bakari alikataa kufungua mlango.

"Tajeni majina! Mmoja mmoja!"

"Bakari, acha ujinga, mtoto ana homa!"

"Jina!"

Nikataja langu. Leokadia akataja lake. "Na huyo?" "Felista." Ndipo akafungua, akasema, "Alhamdulillah, huyo analia kama mtu." Tulikwenda moja kwa moja hospitali. Ilikuwa malaria, akatibiwa akapona.

Mvua zilipokuja bwawa likajaa, makaburi yakafunikwa. Yule mwanamke hakuonekana tena na hakuna aliyemwona akiondoka. Watu walirudi kanisani kidogo kidogo. Anaingia mtu anasimama, anatafuta benchi lake, anachukua kadi yake, anakaa. Mwalimu hakumsema hata mmoja.

Kadi chache hazikuchukuliwa. Ya mama mkwe ni mojawapo. Aliishi miaka mingine, mpole, anatwanga, anapika, anamtunza mjukuu. Lakini ukimwita jina lake hakuitika mpaka alipokufa. Padre alimpaka mafuta kwa jina la ubatizo hivyohivyo. Nilimuuliza kama inafaa. Akasema, "Yeye ndiye aliyesahau, Mungu hajasahau."

Felista tulimpeleka parokiani. Padre akanihoji maji yalikuwa gani, maneno yalikuwa gani. Akasema ubatizo umeshafanyika, haurudiwi, tukamalizia sehemu zilizobaki. Hakuna ng'ombe, hakuna spika. Chai na maandazi. Kwenye kitabu, pale pa kuandika aliyebatiza, padre aliandika jina langu mimi. Nina hati za viwanja, nina leseni za biashara, lakini mstari ule ndio pekee ninaokwenda kuutazama kila nikipita parokiani.

Nilichojifunza. Zama hizi za sasa nazo zimechanganyikiwa, manabii wamejaa mpaka kwenye simu. Sikatazi mtu kusikiliza. Ila shika ulichopewa, hata kama unakijua nusu. Mimi nilikuwa najua nusu, na nusu hiyo ndiyo ilinitoa kaburini. Na mwenye mtoto mchanga, mpeleke wiki hii. Sherehe utafanya baadaye.

Wakuu wenye kumbukumbu za Mtera miaka ile, au mliowahi kukutana na mwanamke wa namna hiyo, semeni hapo chini. Wabishi pia karibuni, nina bando la kutosha.

Kuhusu mke wangu, zile wiki tatu hakumbuki kitu, na jina la Felista hajui lilitoka wapi. Yuko mzima kabisa. Ila ukimwita mara moja haitiki. Anainua kichwa, anasikiliza, anasubiri. Mpaka umwite mara ya pili ndiyo anasema, "Abee." Mimi humwita mara mbili, miaka yote hii, na sijawahi kumuuliza ile ya kwanza anasikiliza nani.